Mzee Ochuodho, Pua Yake na Chupa Iliyoganda

Kilichopotea ni chupa moja ya asidi ya asetiki safi, lita mbili na nusu kasoro mililita thelathini. Ilipotea Alhamisi tarehe 16 Julai 1964, saa nne kamili asubuhi, katika shimo la taka nyuma ya maabara yetu hapa Busia. Pamoja nayo ilipotea nafasi yangu ya kwenda Nairobi kusoma. Najua wasifu wa mstaafu hauanzi hivi. Lakini nimeombwa kuandika habari za mtu ambaye nimekaa naye meza moja kwa miaka kumi na minne, na siwezi kuandika kumi na tatu nikaruka mmoja.

Mzee Methuselah Ochuodho anastaafu Jumamosi hii, tarehe 30 Agosti 1969, baada ya kuutumikia Ushirika wa Samli na Mafuta wa Mpakani kwa miaka ishirini na sita na miezi mitano. Aliandikwa kazi tarehe 1 Aprili 1943, akitokea kwao Sigalame, kuwa mshushaji wa madebe katika ghala la Malaba. Mwaka 1947 aliletwa maabara ya Busia kuosha vyombo. Mwaka 1958 akawa naibu wa mkuu, na tangu Agosti 1965 ndiye mkuu wetu. Katika muda huo wote amekosa kufika kazini siku kumi na moja, na sita kati ya hizo zilikuwa za matanga ya mama yake. Nimezihesabu mwenyewe.

Mimi nilimkuta hapa Februari 1955. Nilikuwa nimesoma hadi darasa la nne, nikaajiriwa kuosha chupa, kama yeye alivyoanza. Mtu wa kwanza kunipa koti jeupe ni yeye; lilikuwa lake la zamani, mikono ilinipita vidole. Mtu wa kwanza kunifundisha kusoma bureti, ule mrija wa glasi wenye namba za kupimia, ni yeye pia. Alinishika kisogo akanishusha mpaka jicho langu likawa sawa na mstari wa maji. "Usiisome kutoka juu kama bwana mkubwa," akasema. "Piga magoti, namba haina heshima." Hesabu nyingine zote nilijifunza mwenyewe kwa taa ya koroboi, lakini hilo la magoti ni lake, nami nalishukuru.

Sasa tuje kwenye pua.

Hakuna mfanyabiashara wa samli kati ya Tororo na Namboboto asiyeijua pua ya Mzee Ochuodho. Debe likifunguliwa, anachota kidogo kwa kidole, anasugua mgongoni mwa mkono mpaka ipate joto, anainusa mara moja na kusema: ipite, au irudi. Kiwango chetu ni asidi tatu kwa mia. Ikizidi hapo samli imeanza kuoza. Mimi kwa kazi hiyohiyo napima gramu, nayeyusha kwa spiriti, natia dawa ya rangi, halafu naachia kostiki soda tone kwa tone mpaka maji yawe ya waridi. Dakika kumi na moja kwa debe moja. Yeye ni pumzi moja.

Kuanzia Januari hadi Juni 1962 niliandika kimyakimya majibu yake na majibu yangu, debe kwa debe. Madebe yalikuwa 212. Tulikubaliana katika 203. Yaani nilitumia saa thelathini na nane na dakika hamsini na mbili kufika mahali ambapo mzee wa watu alikuwa amefika, akatoka, akaenda kunywa chai. Sitaficha: niliona wivu. Niliuona kila siku Mama Gaudencia alipovuka na samli yake kutoka upande wa Uganda na kunikuta niko peke yangu. Aliweka debe chini, akakaa juu yake, akakunja mikono. "Weka hicho kijiti chako cha glasi, kijana," alikuwa akiniambia. "Samli yangu inanuswa, haikamuliwi. Niitie Mzee." Nilikuwa na miaka thelathini na tatu na watoto wanne. Kijana.

Na yale tisa tuliyotofautiana? Katika saba, pua ndiyo iliyokosea, na sababu yake Mzee mwenyewe ndiye aliyetueleza miaka mitatu baadaye, katika masomo ya Ijumaa ambayo wengi wetu hatutayasahau. Alisimama mbele ya ubao na chaki, koti limepigwa pasi, akasema asidi hizi za kaboksili ni watu wa ukoo mmoja: kichwa ni kilekile, kaboni moja, oksijeni mbili na hidrojeni moja, ila mikia inapishana urefu. Ya fomiki haina mkia; ndiyo iliyomo katika sumu ya siafu. Ya asetiki ina mkia wa kaboni moja, ndiyo siki. Ya butiriki ina tatu. Ndiyo ile harufu ya beberu katika samli iliyokaa. Ukizidi kuurefusha mkia unafika steariki, kaboni kumi na nane kwa jumla, na hiyo ukiishika ni kama mshumaa.

"Mkia mfupi unapenda maji," akasema. "Mimina asetiki kwa maji, huoni tena nani ni nani. Mkia mrefu hautaki maji hata kidogo, unakaa juu kama mgeni aliyekasirika." Watu walicheka. Akaendelea kwamba mfupi huruka na kufika puani, mrefu haunuki. Ndipo nikaelewa. Yale madebe saba yalikuwa na asidi za mkia mrefu, zisizo na harufu, na moja lilifika sita kwa mia. Pua iliyapitisha, bureti iliyakamata. Mwaka ule wa 1962 taarifa ya mwisho wa mwaka iliandika kwamba "maabara" iliokoa madebe saba. Maabara ni mimi.

Lakini tusimpunje Mzee haki yake. Ndiye aliyeanzisha kipimo cha magadi getini, ambacho madereva na mataniboi wa malori hukiita "kuchemsha bila moto." Shehena ya siki ikija na karatasi zisizoeleweka, hutiwa punje za magadi, ikitoa mapovu ni asidi, isipotoa ni maji ya rangi. Alitufundisha kwamba mapovu yale ni hewa ileile iliyo katika soda ya chupa, na kinachobaki chini ni chumvi na maji. Kwa kipimo hicho tulirudisha malori kumi na manne kati ya 1959 na 1963, na hakuna dereva aliyebisha, maana alikuwa ameona kwa macho yake.

Halafu kuna ile siku ya 1966 ambapo Omagor, taniboi wa lori la pamba, alimletea zawadi ya chupa ya waragi. Mzee ni mtu wa kanisa, hanywi. Lakini pia si mtu wa kumwaga kitu. Alichanganya ile waragi na asidi ya asetiki, akadondosha matone ya asidi ya salfuriki, akaipasha katika sufuria ya maji ya moto. Chumba kizima kikanukia kama nanasi lililoiva sana. Mawakala wa forodha wakavuka barabara kuuliza ni nani amefungua duka la peremende. Mzee akawajibu kwamba asidi ikioana na pombe hutoka mtoto mwenye harufu nzuri kuliko wazazi wote wawili, na kwamba hauzwi. Omagor bado analalamika kuhusu ile waragi.

Huyo ndiye tunayemuaga. Sasa nirudi kwenye mwaka nisioweza kuuruka.

Mwezi wa Juni 1964 ilikuja barua kutoka Nairobi. Kulikuwa na nafasi moja ya masomo ya kemia ya mafuta, miezi sita, na majina mawili yaliandikwa: la kwanza Protus Emukule, la pili, akiba, Methuselah Ochuodho. Namba zangu za 1962 ndizo zilizonipeleka juu. Nilinunua sanduku la bati.

Chupa ile ya asidi niliipokea mwenyewe katika stesheni ya Malaba, nikaileta Busia kwa lori. Rafu ya juu ilikuwa imejaa. Mzee akaniambia niiweke kabati la chini, lile linalogusa sakafu ya saruji, nami nikaiweka. Jumatatu nikaifungua, nikatoa mililita thelathini za kazi, nikafunga. Kisha mvua ikanyesha siku tatu bila kupumzika, ile mvua ya Julai yenye baridi inayoingia mpaka kwenye kucha.

Alhamisi nilifungua maabara saa moja kasorobo. Kipimajoto cha ukutani kilisoma digrii 14 za sentigredi. Nikavuta chupa, na ndani hamkuwa na maji. Mlikuwa na kitu kigumu, cheupe, chenye michirizi. Nikaigeuza chini juu, hakikusogea.

Meneja wetu wakati ule alikuwa Bwana Mutua, mtu wa pamba, si wa kemia. Aliitikisa mwenyewe.

"Emukule, hii ni nini?"

"Ni asidi, bwana."

"Asidi ni maji. Mimi naona mshumaa. Asidi yenyewe umempelekea nani?"

Mimi pia sikujua. Nilikuwa nimejifunza hesabu kwa koroboi, lakini hakuna aliyekuwa amenifundisha kwamba asidi ya asetiki iliyo safi huganda chini ya digrii 16.6, ikawa kama barafu, na ikipata joto hurudi ilivyokuwa bila kupungua hata tone. Bwana Mutua alichukua karatasi akapiga hesabu: asidi ile ikizimuliwa kwa maji mpaka tano kwa mia inatoa siki lita hamsini na mbili hivi, karibu chupa sabini, na maduka ya achari hayakosekani pande zote mbili za mpaka. Hesabu yake ilikuwa sahihi. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Ndipo Mzee Ochuodho alipoingia. Bwana Mutua akamkabidhi chupa. Mzee akang'oa kizibo, akainamisha kichwa, akanusa mara moja, kama kawaida yake. Akarudisha kizibo. Akafuta vidole kwenye koti. "Nina samli za Malaba zinaningoja," akasema, akatoka.

Bwana Mutua akanigeukia. "Ingekuwa asidi, Mzee angesema."

Saa nne chupa ikatupwa shimoni. Saa saba jua likatoka, na kipimajoto kikapanda mpaka digrii 27. Muda wa saa tatu tu, ndugu wasomaji. Wangeiacha mezani muda huo, ingeyeyuka mbele ya macho ya kila mtu. Niliteremka shimoni nikakuta vigae na udongo uliolowa. Hamkuwa na kipande cha nta hata kama ukucha. Nikaunusa, ukanuka siki. Nikatia magadi, udongo ukatoa mapovu. Nikamwita Bwana Mutua akaja, akatazama, akasema shimo lile linamwagwa maziwa yaliyochacha kila siku, nayo hutoa mapovu. Hapo pia alikuwa sahihi. Asidi ya maziwa ni ya ukoo huohuo. Na pua yangu haikuwa pua ya kuaminiwa na mtu.

Barua ya onyo ikaingia katika faili langu: ameondolewa katika orodha ya masomo kwa kukosa uaminifu. Januari 1965 Mzee alipanda treni ya Malaba kwenda Nairobi. Sanduku la bati nililinunua mimi, lakini yeye alinunua la ngozi. Alirudi Julai na cheti, na Ijumaa ya kwanza akaandika ubaoni, kwa mwandiko mzuri, safu mbili: joto la kuchemka na joto la kuganda. Spiriti, 78. Asidi ya asetiki, yenye kaboni mbili kama spiriti, 118. Alieleza kwamba molekuli za asidi hushikana mbilimbili, kichwa kwa kichwa, ndiyo maana kuzitenganisha kunataka moto zaidi. Kisha akaandika kuganda: 16.6. Nilikuwa nimekaa benchi la mbele. Hakunitazama, akafuta ubao.

Siku ileile nilikwenda kwa Bwana Mutua. Akanijibu kwamba kuganda kwa asidi safi hakuthibitishi kwamba yangu ilikuwa safi. Chupa haipo tena, na aliyeinusa hajasema neno. Mwaka uliofuata alihamishwa. Barua ikabaki.

Kwa miaka minne nilijiambia Mzee aliyajua hayo Nairobi, kama vile mimi nilivyoyajua kwake. Nilikuwa nikimwonea kijicho kwa cheti, kiti na lile sanduku la ngozi, lakini nilikuwa nakula naye mchana. Mapema mwezi huu bosi wetu wa sasa, Bwana Kariuki, alinituma kusafisha kabati la chini kwa ajili ya makabidhiano. Nikabandua magazeti ya zamani yaliyotandikwa humo. Chini ya gazeti la mwisho kulikuwa na kadi iliyogandishwa kwa gundi, mwandiko ninaoujua kuliko wa mke wangu: "Asidi ya asetiki isikae hapa Juni mpaka Agosti. Inaganda. Ipashwe kwa maji ya vuguvugu. M.O., 1951."

Elfu moja mia tisa hamsini na moja. Miaka kumi na mitatu kabla ya ile asubuhi.

Nilimwonyesha Bwana Kariuki. Alisoma mara mbili, akavua miwani. "Mtu anaweza kusahau kadi, Protus," akasema. Kweli, anaweza. Mimi ningekubali kwamba aliisahau, na kwamba aliponiambia kabati la chini hakukumbuka. Mikono husahau. Lakini pua ile, katika madebe 212, haikuwahi hata mara moja kuikosa asidi ya mkia mfupi. Saba iliyoyakosea yote yalikuwa ya mkia mrefu. Mawili yaliyobaki bureti yangu ndiyo iliyokosea, na nimekiri. Siki hata ikiganda hunuka. Nta hainuki siki.

Nilimwomba Bwana Kariuki anipunguzie kazi ya kuandika wasifu huu, ampe mwingine. Akasema hakuna mwingine anayemjua Mzee zaidi yangu, na kwamba niandike yote, yeye atayachapa. Namshukuru kwa hilo.

Kwa niaba ya wafanyakazi arobaini na watatu wa Busia na Malaba, natoa shukrani kwa Mzee Ochuodho: kwa magadi ya getini, kwa masomo ya Ijumaa, kwa koti lililonipita vidole. Aende Sigalame na afya yake. Ng'ombe wake wakamwe vizuri, samli ya nyumbani kwake isizidi moja kwa mia, na miaka ya kupumzika iwe mingi kuliko ile aliyotufanyia kazi. Hayo nayasema kwa moyo mmoja na wenzangu, na sherehe itakuwa saa saba mchana kama ilivyotangazwa. Mama Gaudencia ameahidi kuleta debe zima.

Neno lililobaki ni langu peke yangu, na ni kwako, Mzee. Jumamosi hiyohiyo saa tano asubuhi kamati itakaa kuchagua atakayekalia kiti chako. Jina langu lipo, na barua ya 1964 ipo juu yake. Kadi haiwezi kuiondoa. Magadi hayakuiondoa. Anayeweza kuiondoa ni mtu mmoja tu aliyeng'oa kizibo asubuhi ile, kwa maana hapa mpakani hakuna meneja, dereva wala mwanakamati atakayebishana na alichonusa Methuselah Ochuodho. Sikuulizi kwa nini ulinyamaza. Hilo la kwa nini nenda nalo nyumbani. Wala sitaki uniombe radhi mbele ya wageni wako.

Nakuuliza ulinusa nini: asidi, au nta. Karatasi na kalamu nimeziweka upande wako wa meza, kando ya bureti. Andika neno moja, utie sahihi, kabla ya saa nne kamili Jumamosi asubuhi. Nitakuwa nimekaa upande wangu.

Protus Emukule,
Msaidizi wa Maabara, Busia